Mbuyu wa Mirbat Hauna Pasipoti



Lipo neno moja ambalo sisi Waswahili tuliomo Oman tunaujua uzito wake kuliko kamusi yoyote, nalo ni asli. Mtu akikuuliza asli yako wapi, hakuulizi umezaliwa wapi. Anakuuliza babu wa babu yako alipanda jahazi bandari gani, alikuwa kabila gani, na kwa nini ulimi wako ukighadhibika unakimbilia Kiswahili. Tumezoea. Wengine hujibu kwa kutaja mji wa Sharqiyah, wengine hucheka, wengine hubadilisha mazungumzo wakaagiza chai. Lakini neno hilo sasa limetoka kwenye mabaraza na limeingia bustanini, na hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo.

Kwa mlioko London, Dubai, Toronto na kwengineko, khabari yenyewe ni hii. Al Khoudh, katika wilaya ya Seeb, si mbali na Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, serikali ya Oman imejenga bustani ya mimea yenye zaidi ya hekta 400. Mradi huu ulianza kwa amri ya kifalme mwaka 2006, na kwa miaka mingi wapita njia walikuwa wakiona ua na magari ya ujenzi tu, kumbe ndani ya vitalu wataalamu wanaotesha mbegu walizozikusanya tangu Musandam mpaka Dhofar. Mwaka 2018 wasanifu wa Arup, Grimshaw na Haley Sharpe walionesha michoro: majumba mawili makubwa ya vioo, moja la mimea ya milima ya kaskazini na la pili la mimea ya Dhofar, pamoja na jengo la kupokelea wageni. Lengo ni kuikusanya mahali pamoja mimea yote ya asli ya nchi hii, ambayo ni zaidi ya aina 1,400, mingine haipatikani popote duniani isipokuwa hapa.

Kazi hii ni ya kusifiwa na mimi ni wa mwanzo kuisifu. Katika Ghuba, ambako bustani aghlabu ni majani ya kununua na maua yanayong'olewa kila msimu na kupandwa mengine, kuamua kwamba mti wa jangwani wenye miba unastahili kujengewa jumba ni busara kubwa. Ugomvi wangu si na vitalu wala na wataalamu. Ugomvi wangu ni juu ya kuta za kituo cha wageni, na zaidi ni juu yetu sisi wenyewe.

Maana mtu haingii bustanini. Mtu huingia kwanza kituo cha wageni. Hapo ndipo anapokata tiketi, anapopewa ramani, anapooneshwa filamu ya dakika kumi, anaposoma ukutani historia ya mahali, na anapotokea dukani kununua sabuni ya ubani. Akishafika kwenye miti yenyewe ameshaambiwa nchi hii ni nini na watu wake ni kina nani. Mti hausemi. Kibao ndicho kinachosema, na kibao kinaandikwa na mtu aliyekaa ofisini akiamua lipi liingie katika maneno sitini na lipi liachwe. Basi zima la watoto wa skuli litapita hapo, na wajukuu zetu watakuwamo. Kitakachoandikwa hapo ndicho watakachokiamini, si tutakachowaambia sisi magharibi wakiwa na simu mkononi.

Nimezungumza jambo hili na wenzetu wengi, misibani na maharusini, na nimekuta makundi mawili. La kwanza linasema: bustani ni ya miti ya asli, sisi inatuhusu nini? Tukae kimya, tusijitie kimbelembele, tumekuja tukapokewa, alhamdulillah. La pili ni kali zaidi. Linataka upandwe mkarafuu na mnazi na mdalasini, pawe na pembe ya Zanzibar, ikiwezekana pasimamishwe na mlango wa mninga wenye misumari ya shaba. Makundi yote mawili yamekosea, na yamekosea kwa sababu moja: yote yamekubali kwamba asli ya Oman ni kitu kimoja na sisi ni kitu chengine.

Nianze na hili la pili kwa kuwa ni jepesi. Mkarafuu si mti wa Oman. Si mti wa Unguja vilevile; umetoka visiwa vya Maluku huko mashariki ya mbali, ukapitia visiwa vya Mascarene, ukaletwa kwetu mwanzoni mwa karne ya 19. Bustani inayohifadhi mimea ya asli ina haki kamili ya kuukatalia. Tena ina sababu nzuri ya kuogopa miti ya kuletwa. Anayelijua bonde la Batinah amekiona kile kichaka cha miba wanachokiita ghaf bahri, kilicholetwa kutoka Amerika kwa nia njema ya kuotesha kivuli, leo kinaziba mabonde na kunyonya maji. Wakenya wanakijua vizuri, kwao kinaitwa mathenge, na watu wa Baringo waliokiona kikila malisho yao hawahitaji kufundishwa na mimi. Kwa hivyo kwenye vitanda vya mimea, wataalamu waachiwe kazi yao. Sitaki mkarafuu Al Khoudh. Nikitaka harufu ya karafuu nitanunua Muttrah.

Lakini kundi la kwanza, hili la kukaa kimya, ndilo linalonikera, kwa sababu limeshindwa hata kuitazama hiyo orodha ya asli.

Tuitazame. Nenda Dhofar, upande wa Mirbat, uteremke bonde la Wadi Hinna. Utaikuta mibuyu. Naam, mibuyu, ile ile ya Kwale na ya Dodoma, yenye vigogo vya kukumbatiwa na watu wanane, imesimama Uarabuni kama iliyosahauliwa na mtu aliyekuwa akihama. Mkwaju upo Dhofar, porini, kwenye mabonde. Mkuyu upo. Mchu, yaani ule mkoko wa kijivu tunaoujua tangu Lamu mpaka Mtwara, ndio mkoko pekee unaoota Oman, na mtaa wa Al Qurm hapa Maskati umepewa jina la mti huo. Hifadhi yake ipo katikati ya mji, magari yanapita pembeni. Mswaki, ule mti wenyewe, upo. Mgunga umejaa kila bonde, na asali yake, asali ya sumr, inauzwa kwa bei ya kutoa machozi. Shubiri zipo za aina kadhaa. Sidri ni ndugu wa damu wa mkunazi wetu, na huku kama kule majani yake ndiyo yanayotiwa katika maji ya kuoshea maiti. Mzee aliyezaliwa Malindi ya Unguja akafia Seeb alioshwa kwa majani ambayo mama yake angeyatambua.

Hiyo ni miti ya asli, wallahi, imo katika vitabu vya wataalamu. Sasa niambieni, huyu anayesema bustani haituhusu, anazungumzia bustani gani?

Na upepo je? Jumba la pili la vioo, lile la kusini, limekusudiwa kuigiza khareef ya Dhofar: ule ukungu na manyunyu yanayoigeuza milima ya Salalah kuwa kijani tangu mwezi wa Juni mpaka Septemba. Watu hutoka Ghuba nzima kwenda kuitazama mvua, na mashine za kutengeneza ukungu zimefikiriwa ili mgeni aione hata mwezi wa Januari. Vizuri sana. Lakini khareef ni nini? Khareef ni kusi. Ni upepo ule ule unaovuka ikweta, ukapita mbele ya Unguja, Mombasa na Lamu, ukachukua unyevu wa bahari na kuupiga kwenye milima ya Dhofar. Ndio uliokuwa ukiyarudisha majahazi ya Sur na Batinah nyumbani, kama kaskazi ilivyokuwa ikiyapeleka kwetu na makanda ya tende na papa wa chumvi. Manahodha walikuwa wakijitahidi kuondoka kusi ikianza, kabla haijachafuka, kwani katikati ya msimu bahari hiyo ilikuwa haiendeki. Mtu atakayesimama ndani ya jumba la vioo akihisi ukungu usoni atakuwa anahisi upepo wa babu zetu, na ukuta ukimwambia ni hali ya hewa ya mkoa wa Dhofar tu, basi utakuwa umemwambia ukweli nusu.

Ibn Battuta alikuwa na akili zaidi kuliko sisi katika hili. Katika karne ya 14 alifika Mombasa na Kilwa, akaishangaa miji na watu wake, kisha akapanda chombo Kilwa hiyo hiyo na kushukia Dhofar. Safari moja, bahari moja. Na alipofika Dhofar akaandika kwa urefu juu ya migomba, minazi na tambuu. Anayepita leo kwenye vibanda vya barabarani Salalah, palipopangwa madafu, ndizi na mapapai, anaona alichokiona yeye, isipokuwa mapapai ambayo yalikuwa bado hayajavuka kutoka Amerika. Minazi hiyo ina karne saba, au zaidi, katika ardhi ya Oman. Mtu mwenye karne saba mahali akiitwa mgeni, mwenyeji ni nani?

Hapo wataalamu watanijibu, na wana haki, kwamba katika elimu yao mmea ulioletwa na mkono wa mtu hauwi wa asli hata ukikaa miaka elfu. Nimekubali. Lakini katika bustani hiyo hiyo, jumba la kaskazini limepangwa kuonesha na ngazi za mashamba ya Jabal Akhdar, zile kuta za mawe zinazoshikilia udongo mlimani na mifereji inayozinywesha. Mtu yeyote aliyepanda Jabal Akhdar anajua kinacholimwa kwenye ngazi zile: makomamanga, mawaridi ya kutengenezea marashi, mapichi, njugu za jozi. Hivyo vyote vililetwa na watu. Vimeheshimiwa, na mimi nafurahi, kwa sababu mtu akiitazama ngazi ile haoni mmea peke yake, anaona kazi ya mikono, anaona falaj, anaona karne za watu kupatana nani apate maji saa ngapi. UNESCO iliiandika mifereji mitano ya Oman katika urithi wa dunia mwaka 2006, na haikuiandika kwa ajili ya maji tu.

Basi ikiwa kazi ya mlimani ina nafasi, kazi ya baharini nafasi yake iko wapi? Sisemi kwenye vitanda vya mimea. Nasema ukutani, kwenye filamu, kwenye ramani ya mlangoni.

Chukua boriti. Sidhani kama kuna mmea uliojenga Ghuba kuliko mkoko wa kwetu. Kabla ya saruji, nyumba za Maskati, Sur, Bahrain na Kuwait ziliezekwa kwa boriti zilizokatwa Lamu na delta ya Rufiji, zikapakiwa majahazini kwa korija. Nyumba za zamani zina vyumba vyembamba na virefu, na wageni wa Kizungu huuliza kwa nini. Jibu ni kwamba upana wa chumba ulikuwa ni urefu wa boriti. Fundi wa Maskati alikuwa akipima nyumba kwa mti ulioota kwenye tope la Afrika, na alipolala usiku akatazama dari alikuwa anautazama msitu wa Rufiji. Biashara ile ilikufa pole pole, saruji ikaingia, na mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kusafirisha boriti nje. Leo mkoko wa Al Qurm unalindwa kwa sheria, jambo zuri, lakini kibao kinachoeleza mkoko wa Oman bila ya kutaja boriti ni sawa na kueleza mtende bila ya kutaja tende.

Mnaona ninapoelekea, na najua kuna wanaokunja uso, kwani khabari za biashara ya bahari hii zina upande ambao watu wetu wanapenda kuuruka. Sikusudii kuuruka. Hao wanaotaka pembe ya Zanzibar yenye mkarafuu wa kupigia picha, je, wamejitayarisha kuandika nani aliyezichuma hizo karafuu? Sayyid Said bin Sultan aliujaza Unguja na Pemba mikarafuu, na mikarafuu ile ilipandwa, ikapaliliwa na kuchumwa na watu waliotekwa bara wakaletwa wakiwa watumwa. Utumwa Unguja na Pemba ulifutwa kisheria mwaka 1897 tu. Na si kule peke yake. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 tende za fardh za Oman zilikuwa zikifika hadi New York, Wamarekani wakizila wakati wa sikukuu zao, na mwanahistoria Matthew Hopper katika kitabu chake Slaves of One Master, kilichotoka 2015, ameonesha jinsi mashamba ya mitende ya huku yalivyotegemea mikono ya watu waliotoka Afrika Mashariki. Utumwa hapa Oman ulikomeshwa rasmi mwaka 1970. Wako wazee wanaoukumbuka.

Wajukuu wa watu wale ni Waomani, wanasali nasi, wanafanya kazi nasi, na wengine wanajua ngoma na maneno ya Kiswahili ambayo sisi wenyewe tumeyasahau. Ukuta ukisifu falaj na ngazi na mtende, ukanyamaza juu ya nani alikuwa akiteka maji na kupanda mtende kwa kamba, utakuwa unamdhulumu mtu ambaye bado yupo na anasoma. Na sisi tuliokuja na pasipoti zetu na majina marefu ya makabila tusijifanye kwamba dhulma hiyo ni ya wengine. Tukidai historia ya bahari iandikwe, tuidai nzima. Anayetaka harufu ya karafuu bila ya jasho la mchumaji asinitie katika orodha yake.

Nimeambiwa na rafiki mmoja, mtu mpole na msomi, kwamba maneno kama haya ndiyo hasa yanayofanya watu wasitake kusikia madai yetu. Niyaache, niombe tu jina la Kiswahili kwenye vibao. Ninamheshimu, lakini namwona anadharau nchi hii. Oman haikimbii bahari yake. Makumbusho ya Ardhi ya Ubani pale Al Baleed, Salalah, yaliyofunguliwa 2007, yana ukumbi mzima wa mambo ya bahari. Makumbusho ya Taifa hapa Maskati yalifunguliwa 2016 na majahazi hayakusahauliwa. Kwa hivyo hatuombi upendeleo wala hatuleti fitna. Tunasema tu kwamba miti nayo ilipanda majahazi, na kwamba mahali pazuri pa kusema hivyo ni mahali pa miti.

Sasa jina. Vibao vya nchi hii kwa desturi ni vya Kiarabu na Kiingereza, na kwenye bustani huongezwa jina la kisayansi. Sidai kila kibao kiwe na Kiswahili. Lingekuwa jambo la kuchekesha, maana mimea mingi ya jangwani hatuna jina lake, na tukianza kubuni tutawatia watu kichaa. Nadai hivi: pale mti unapokuwa wa pande zote mbili za bahari, jina la upande wa pili litajwe. Mbuyu, mkwaju, mkuyu, mchu, mswaki, mgunga, mkunazi. Labda kuna ishirini, labda arubaini. Herufi chache kwenye kibao. Mtoto wa Kimaskati ambaye bibi yake anasema mkwaju na mwalimu wake anasema tamr hindi ataelewa kwamba bibi yake hakuwa akizungumza lugha ya jikoni.

Na ninadai zaidi kwa ajili ya wengine kuliko kwa ajili yetu. Watu wa milima ya Dhofar wana lugha yao, Kijibali, ambayo si Kiarabu cha mjini, na miti ya jumba la kusini ni miti yao. Wao ndio waliowalisha ng'ombe kwayo, wakatibia kwayo, wakajengea, wakagemea ubani. Majina yao yawe ya mwanzo kwenye vibao hivyo, kabla ya Kiingereza na kabla ya sisi.

Wao angalau kazi yao iliandikwa. Mwaka 1988 kilitoka kitabu kikubwa, Plants of Dhofar, cha Anthony Miller na Miranda Morris. Kina picha za kuchorwa kwa mkono za mimea ya Dhofar, na kila mmea umeandikiwa majina ya wenyeji na matumizi yake: upi ulikuwa wa kuzuia damu, upi wa kupaka ngozi za kiriba, upi uliliwa mwaka wa njaa. Maarifa hayo yalikusanywa kutoka kwa wazee katika miaka ambayo gari na dawa za duka zilikuwa ndiyo kwanza zimeingia milimani, kabla hawajafariki. Kingechelewa kidogo, kisingekuwapo cha kuandika. Kila mtayarishaji wa bustani ya Oman anakijua kitabu hicho, na ndivyo inavyotakiwa: ukuta huandikwa na yule aliyeleta karatasi.

Sisi tumeleta karatasi gani?

Hapa ndipo ninapogombana na nyumba yangu mwenyewe. Tuna madaktari, wahandisi wa mafuta, walimu wa chuo kikuu hicho hicho kilicho jirani na bustani. Tuna vikundi vya taarab, vikundi vya kuzikana, vikundi vya simu vinavyolia usiku kucha na picha za maua ya kutakiana Ijumaa njema. Lakini orodha ya miti aliyoijua mama zetu, pamoja na majina ya Kiswahili na ya Kiarabu ya huku na kazi zake, mimi sijaiona popote, na nimeitafuta. Bibi zetu walipofika huku miaka ya sabini walifanya kazi ambayo hakuna mtaalamu aliyewahi kuwasifia: walitembea mitaa ya Ruwi na Al Khuwair wakitafuta majani badala ya yale waliyoyaacha. Hili linafaa badala ya mrehani wa kule, lile badala ya mvuje, hili usiliguse. Walipanda mpapai nyuma ya nyumba ya serikali na mkilungwana kwenye madebe. Walijua sidri ipi ina povu zuri la kuoshea nywele. Hiyo ni elimu ya mimea, ndugu zangu, hata kama ilifanywa na mtu aliyejifunga kanga mbili. Na inakwenda makaburini pamoja nao, wiki hadi wiki, huku sisi tukilalamika kwamba hatutajwi.

Mtu aliyeajiriwa kuandika maneno sitini ya ukutani hana ubaya na sisi. Ana siku ya mwisho ya kukabidhi kazi, ana wakubwa watatu wa kumsahihishia, na mezani kwake pana vitabu. Kama hapana chetu mezani, hawezi kukibuni. Na asidhani mtu kwamba siku utepe unapokatwa ndio mlango wa maandishi umefungwa. Kuta za makumbusho hubadilishwa, filamu hurudiwa, vibao huungua jua vikaandikwa upya kila baada ya miaka michache. Kwa jua la Al Khoudh, nadhani miaka miwili. Nafasi ipo kabla ya kufunguliwa milango na ipo baada yake, ila mikono mitupu ni mitupu kabla na baada.

Kwa hivyo nimezungumza na mhariri wa jarida hili naye amekubali kutenga ukurasa. Kila atakayesoma makala haya na mwenye mzee hai, Oman, Uingereza, Mombasa au Pemba, akae naye saa moja tu. Aandike jina la mti kwa Kiswahili, na kama lipo, jina alilolisikia huku. Aandike mti huo aliuona wapi na mwaka gani kwa kukisia. Ulikuwa wa kazi gani. Na aandike jina la mzee aliyesema, kwa ruhusa yake, asije akaitwa "wenyeji" kama kawaida. Picha ya jani ikipatikana ni bora, kwani mvuje wa Wete si lazima uwe mvuje wa Lamu, na tutakapofika kwa wataalamu watatuuliza hilo kwanza. Wazee waliofanya kazi mashambani na majahazini watangulizwe, khasa wale wa mitaa ya Sur na Suwaiq ambao kwa kawaida hawaalikwi kwenye mikutano yetu ya hotelini. Tutakapofikisha majina hamsini yaliyohakikiwa tutayapiga chapa kwa Kiarabu na Kiswahili, na watu watatu, mmoja wao mwanamke aliyezijua sidri hizo kwa mikono yake, watayapeleka Al Khoudh na kuomba kuonana na wanaohusika na maonesho. Wenye mwandiko mbaya wasiogope. Wajukuu wapo wa kuchapa, na likizo ya skuli ni ndefu.

Mkwaju na mchu nimeshaviandika mimi. Anzeni na vyengine.